Ushahidi wa Kioo

Miongoni mwa hoja ambazo wanazuoni wa elimu ya tauhidi wamezitegemea tangu kale katika kuthibitisha kuwako kwa Muumba, ni chache zilizo nyepesi kufahamika na nzito kupingika kama ile inayonasibishwa na bedui wa jangwani, ambaye alipoulizwa alimjuaje Mola wake alijibu, kwa maana, kwamba nyayo mchangani humjulisha mtu aliyepita, na kinyesi njiani humjulisha ngamia, basi mbingu na ardhi zitashindwaje kumjulisha Aliyeziumba. Hoja hiyo imesimama juu ya nguzo moja tu, nayo ni kwamba hapana athari isiyokuwa na mwenye kuitia. Lakini nguzo hiyo, ikiwa ni ya kweli, haichagui athari. Yamlazimu mwenye kuishika amtambue mpita njia kama anavyomtambua Muumba wa ardhi inayopitwa. Na hapa ndipo linapozuka swali nililokusudia kulitafakari: mtu autazamaye mlima na mto, moyo wake ukajaa adhama ya Mwenyezi Mungu, ilhali ameziruka nyayo za wanadamu wenzake zilizo chini ya miguu yake mwenyewe, je, tafakuri yake imetimia, au imepungukiwa na sharti ambalo bila ya hilo haiwi tafakuri?

Swali hilo halikuzuka katika madarasa ya falsafa. Lilizuka, bila ya wahusika wenyewe kulihisi, katika bonde la Yosemite, ndani ya milima ya Sierra Nevada huko California, katika miaka ile ya kati ya karne ya 19 ambapo askari, mchoraji, mpiga picha na mtalii walilifikia bonde hilo kwa kufuatana, kila mmoja akiingia kwa njia aliyoifungua mwenziwe. Bonde lenyewe halipungui kustahiki sifa lililopewa. Urefu wake hupata maili 7, na upana wake kama maili moja. Kuta zake ni za mawe ya itale yaliyosimama wima, na mojawapo, liitwalo El Capitan, lainuka kiasi cha futi 3,000 kutoka ardhi ya bonde pasina mteremko wa kupumzishia jicho. Na maporomoko ya Yosemite huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake futi 2,425, hata maji yakafika mtoni Merced yakiwa yamekwisha kupoteza nusu ya uzito wake kwa upepo. Aliyesema kwamba mahali hapo panamkumbusha mtu udogo wake hakutia chumvi.

Mtu wa kwanza kulipiga picha bonde hilo alikuwa Charles Leander Weed, mwaka 1859. Walakini aliyelitangaza ulimwenguni ni Carleton Watkins, mzaliwa wa jimbo la New York, aliyekwenda California katika homa ya dhahabu, na ambaye mwaka 1861 alimwagiza seremala amtengenezee kamera kubwa kuliko ilivyokuwa desturi, yenye kupokea bamba la kioo la inchi 18 kwa 22. Ukubwa huo haukuwa wa kujionyesha. Zama hizo picha ilichapwa kwa kukilaza kioo juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi ya fedha, na kuianika juani, hata karatasi ikatoka na kipimo kile kile cha kioo. Basi aliyetaka picha kubwa hakuwa na hila ila kubeba kioo kikubwa. Na kukibeba ni nusu tu ya mashaka. Kila alipochagua mahali pa kusimama ilimbidi mpiga picha apige hema la giza, amimine dawa iitwayo kolodioni juu ya kioo kwa mkono usiotetemeka, akitose kioo katika maji ya fedha, akimbie nacho kwenye kamera kingali na unyevu, akifunue mbele ya mandhari, kisha arudi nacho hemani akisafishe kabla hakijakauka, kwa kuwa kikikauka kazi yote imepotea. Vyombo hivyo vyote, vioo, chupa za dawa, mahema na kamera, vilipandishwa milimani na msafara wa baghala kwa vijia ambavyo gari halikuweza kupita. Watkins alirudi San Francisco na mabamba makubwa 30, na mengine madogo yapata 100 yaliyopigwa kwa jozi, ili mtazamaji akiyatia katika kile chombo cha lenzi mbili, stereoskopu, aone mawe yamejitokeza kwa unene wake kana kwamba ayagusa.

Nimeikariri kazi hiyo kwa urefu kwa sababu hukumu yoyote juu ya picha hizo isiyoanza na heshima kwa jasho la mwenye kuzipiga ni hukumu ya dhuluma. Na pia kwa sababu ndani ya kazi yenyewe, katika dawa na kioo, imo siri ya jambo tunalolitafuta. Bamba la kolodioni lilikuwa zito la kuona: lilihitaji kufunuliwa kwa muda mrefu, na katika muda huo kila kilichotulia kilijiandika kwa usahihi wa kustaajabisha, hata nyufa za jiwe lililo mbali zikahesabika, ilhali kila kinachokwenda kilififia au kilitoweka kabisa. Maji yaangukayo yaligeuka kuwa shela nyeupe. Majani yaliyotikiswa na upepo yalikuwa ukungu. Mtu aliyekatiza mbele ya kamera akaenda zake hakuacha hata kivuli. Kadhalika dawa hiyo ilikuwa kali mno kwa rangi ya samawati, hata mbingu ikatoka nyeupe tupu, haina wingu. Eadweard Muybridge, aliyekuja baadaye, mwaka 1867 na tena 1872, hakuridhika na mbingu tupu, akawa akichukua mawingu ya kioo kimoja na kuyatia juu ya milima ya kioo kingine. Na magazeti ya wakati wake yalisimulia kwamba miti iliyomzibia mandhari aliiamuru ikatwe. Mimi kwa upande wangu siuoni uwongo mkubwa katika mawingu yale ya kuazima, kwa kuwa mawingu yalikuwapo kweli, ila dawa haikuyaona. Lakini mti uliokatwa ili picha ya pori ipate kuwa safi ni jambo linalouma, maana hapo ndipo kitu kinapoondolewa katika ulimwengu ili sura yake ipendeze.

Picha za Watkins zilionyeshwa New York mwaka 1862, katika kipindi cha vita vya Wamarekani wao kwa wao, vijana wakiuawa kwa maelfu katika siku moja, na ardhi ya mashariki ikinuka baruti. Tusishangae, basi, ikiwa watu walioingia kwenye ukumbi ule walizipokea kama rehema. Walionyeshwa nchi isiyo na kaburi, isiyo na handaki, ambayo ilionekana kana kwamba imetoka mkononi mwa Muumba asubuhi ile ile. Mchungaji Thomas Starr King, aliyekuwa akihubiri San Francisco, alikuwa amekwisha kuandika barua katika gazeti la Boston akilisifu bonde hilo, na aliihubiri milima ya Sierra kwa waumini wake kama mtu ahubiriye kitabu. Miamba mirefu ya bondeni ikaitwa kwa jina la makanisa makuu, nayo minara yake kadhalika. Mwaka 1864, tarehe 30 Juni, Rais Abraham Lincoln, ambaye hakupata kukanyaga California maishani mwake, alitia saini sheria iliyoletwa na Seneta John Conness, ya kulikabidhi bonde na kichaka cha miti mikubwa ya Mariposa kwa jimbo la California, vitunzwe kwa manufaa na burudani ya umma, visiuzwe milele. Frederick Law Olmsted, aliyewekwa kuwasimamia makamishna wa kwanza wa bonde, aliandika katika ripoti yake ya mwaka 1865 kwamba zilikuwa picha za Watkins, pamoja na michoro ya rangi ya Albert Bierstadt, zilizowapa watu wa pwani ya Atlantiki fununu ya adhama ya bonde hilo. Katika ripoti hiyo hiyo alisema jambo ambalo kila nikilifikiri nalistahi: kwamba kutazama mandhari tukufu si anasa ya matajiri, bali ni haja ya akili na afya ya kila mtu, na kwamba ni wajibu wa serikali kumhifadhia maskini fursa hiyo, asije akafungiwa nje ya uzuri wa ardhi kama alivyofungiwa nje ya bustani za makabaila wa Uingereza.

Hivi ndivyo kioo kilivyotoa ushahidi, na taifa likahukumu kwa ushahidi wa kioo.

Sasa na turudi nyuma miaka 10 kabla ya Watkins. Mwezi Machi mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo wa Mariposa, chini ya James Savage, mfanyabiashara aliyegeuka kuwa meja, kiliingia bondeni kuwatoa watu wa Ahwahneechee, wenyeji wa mahali hapo, wapelekwe katika kambi za tambarare. Gavana wa California, Peter Burnett, alikuwa ametamka mbele ya baraza la jimbo Januari ya mwaka huo huo kwamba vita vya kuwafuta Wahindi Wekundu vingeendelea mpaka kabila lao limalizike. Askari walichoma vijiji, na walichoma ghala za kokwa za mwaloni, ambazo ndizo zilizokuwa chakula cha wenyeji wakati wa baridi, wakijua kwamba njaa itafanya kazi iliyozishinda bunduki. Mzee wao, Tenaya, alikamatwa. Mwanawe mdogo alipigwa risasi akijaribu kukimbia. Daktari wa kikosi, Lafayette Bunnell, ndiye aliyesimulia habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1880, na ndiye aliyesimulia kwamba alipomwarifu Tenaya kuwa ziwa moja la juu milimani litaitwa kwa jina lake, mzee yule hakushukuru. Alijibu kwamba ziwa lina jina tayari. Vilele vitatu vilivyo upande mmoja wa bonde viliitwa Ndugu Watatu kwa ajili ya vijana watatu wa mzee huyo waliotekwa karibu navyo, na mmoja wao ndiye yule aliyeuawa. Mtalii aliyenunua picha ya vilele hivyo mwaka 1870 alikuwa ameshika mkononi jiwe la kaburi pasipo kujua.

Lakini hili la vita, kwa uchungu wake wote, silo lililonifanya niikumbuke hoja ya bedui. Lililonifanya niikumbuke ni majani.

Wote walioingia bondeni mwanzo walistaajabia uwazi wake: mbuga pana za majani mabichi pande zote za mto, na mialoni mikubwa iliyosimama kwa nafasi, pasina vichaka vya kuzuia farasi wala jicho, hata wengine walisema pamefanana na bustani iliyotunzwa. Walisema *pamefanana*, wasidhani kwamba pametunzwa kweli. Watu wa Ahwahneechee walikuwa wakiwasha moto ardhi ya bonde kila mwaka majani yakikauka, kwa mpango na kwa ujuzi, ili vichaka na misonobari michanga isiifunike mbuga, ili mialoni yenye kokwa nzuri ipate jua, ili paa aje kwenye majani mapya. Uwazi ule ulikuwa kazi ya mikono, iliyorudiwa kizazi baada ya kizazi. Walipoondolewa, na moto ukapigwa marufuku, misonobari ilianza kuzivamia mbuga. Galen Clark, mlinzi wa kwanza wa bonde, aliyelijua kwa miaka karibu 40, aliwaandikia makamishna mwaka 1894 akiwaeleza kwamba mbuga zilikuwa zimepungua sana, na kwamba sababu yake ni kukoma kwa moto wa wenyeji. Olmsted naye, kwa akili zake zote, katika ile ripoti yake njema, aliutaja moto wa Wahindi kuwa miongoni mwa madhara ambayo msitu ulihitaji kukingwa nayo.

Basi itazame tena picha ya Watkins ya mwaka 1861, miaka 10 baada ya vijiji kuchomwa. Hamna mtu. Mto umetulia, jiwe limejiakisi majini, na baina ya jiwe na mto ipo mbuga iliyo wazi. Waliozitazama picha zake New York walipanda kutoka athari hadi kwa Mwenyezi Mungu kwa rukio moja, wakaliona jiwe wakasema: Muumba. Nao walisema kweli. Lakini mbuga je? Mbuga nayo ni athari, imo pichani, imeandikwa na jua lile lile lililoliandika jiwe, na mwenye kuitia alikuwa angali hai, huenda umbali wa siku chache tu kwa miguu, akitafuta kokwa mahali pasipokuwa pake. Nyayo zilikuwa mchangani. Waliziona, wakazihesabu kuwa sehemu ya mchanga.

Huo ndio upungufu ninaoudai, na naona ni upungufu wa ibada yenyewe, si wa adabu tu wala wa siasa. Maana mwanadamu naye ni ishara katika ishara za Mola, na katika dini zetu si ishara ndogo. Aliyeumbwa kuwa khalifa katika ardhi hawezi kuwa doa katika sura ya ardhi. Anayetaka kuuona uso wa uumbaji akashurutisha kwamba mwanadamu aondolewe kwanza, huyo hakuomba kuona alichokiumba Mungu. Ameomba kuonyeshwa kile ambacho yeye mwenyewe angependa kiwe kimeumbwa. Pori tupu ni matamanio yaliyovaa kanzu ya unyenyekevu.

Je, kioo kilitoa ushahidi wa uwongo? Mafakihi hutofautisha kati ya shahidi anayesema lisilokuwako na shahidi anayelificha analolijua, na wote wawili wamo makosani. Kioo cha Watkins hakikufanya la kwanza: hapana jiwe kililolizua. Wala sioni kwamba kilifanya la pili, kwa kuwa mbuga hakikuifuta. Watkins aliipiga kwa uaminifu ule ule. Kasoro, kwa fikira yangu, ilikuwa ya kadhi. Kadhi mwema hatosheki na neno la shahidi. Humhoji alisimama wapi, saa ngapi, na kitu gani hakuweza kukiona kutoka pale aliposimama. Kioo hiki kilikuwa hakioni kinachokwenda, na watu waliofukuzwa ni watu wanaokwenda. Hakuna aliyekihoji. Watkins mwenyewe aliwahi kuipa picha moja ya mwaka 1866 jina lenye maana ya mandhari bora ya bonde zima, na watalii, ambao kwanza walikuwa mamia machache tu wakiongozwa na akina James Hutchings juu ya migongo ya wanyama, kisha wakaongezeka reli ilipounganisha pwani mbili mwaka 1869 na barabara za magari ya farasi zilipofika bondeni mwaka 1874, walikwenda kusimama pale pale aliposimama, wakaona kile kile alichokiona, wakarudi makwao wakiwa wamethibitisha picha badala ya kuiuliza.

Ilhali wenyeji hawakwisha. Baadhi yao walirudi bondeni, wakavua samaki na kuwauzia wenye hoteli, wakafua nguo na kupasua kuni za wageni waliokuja kutazama upweke. Muybridge mwaka 1872 aliwapiga picha, wao na ghala zao za kokwa, na hilo lahesabiwa katika mizani yake. Ila picha hizo ziliuzwa katika mfululizo wa peke yake, watu huku na mandhari kule, kana kwamba ni nchi mbili. Kijiji chao cha mwisho bondeni kilibomolewa na wasimamizi wa hifadhi mwaka 1969.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini habari hii ya mbali inatuhusu. Mfano wa hifadhi uliozaliwa Yosemite mwaka 1864 na Yellowstone mwaka 1872, ambako nako picha za William Henry Jackson zilitangulia mbele ya sheria, ndio uliotufikia sisi. Na mwaka 1959, Wamasai walipohamishwa kutoka nyanda za Serengeti kwenda Ngorongoro, filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti ilikuwa ikitazamwa Ulaya na watu waliolia kwa mapenzi ya nyanda hizo. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Silikatai hilo, kama nisivyokataa kwamba bila ya kioo cha Watkins bonde la Yosemite lingegawanywa viwanja na kuzungushiwa ua, na mimi na wewe tusingelijua jina lake. Jambo jema lilitendeka. Lilitendeka likiwa na shimo ndani yake lenye umbo la mtu.

Mwaka 1859 mwandishi wa Boston, Oliver Wendell Holmes, katika makala yake juu ya stereoskopu, alitoa rai iliyonitia hofu nilipoisoma: kwamba sasa sura imetengana na maada, na tukiisha kupata mabamba machache ya kitu, kitu chenyewe chaweza kubomolewa au kuchomwa, hatukihitaji tena. Mambo yalikwenda kinyume. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliiteketeza studio ya Watkins huko San Francisco pamoja na mabamba yake. Alikuwa mzee, macho yamemfifia, na mali yake, pamoja na mabamba yake ya zamani ya Yosemite, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na wadai wake tangu miaka 30 nyuma. Alifariki mwaka 1916 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Napa, akazikwa kaburi lisilo na alama. Mawe yapo.

Na karatasi zilizochapwa kutoka vioo vile zipo pia, katika maktaba na makumbusho, na katika miongo ya karibuni zimepata watazamaji wa namna nyingine. Wataalamu wa mimea huziweka picha za karne ya 19 kando ya picha mpya zilizopigwa kutoka mahali pale pale, wakapima mbuga zilikuwa na ukubwa gani, misonobari imeingia wapi, na mialoni imekufa wapi kwa kukosa jua. Na majibu waliyoyapata kutoka kwa Watkins yalikuwa kwamba bonde lile lilikuwa likitunzwa kwa moto, na kwamba waliolitunza walijua wanalofanya. Shahidi aliyeitwa mahakamani mwaka 1864 aitoe nchi ikiwa haina watu ameitwa tena, akahojiwa, na safari hii amewatolea watu wale ushahidi. Mwaka 2018 wasimamizi wa hifadhi na Wamiwuk wa Sierra ya kusini, ambao ndio kizazi cha wale wa Ahwahneechee, walitia saini mkataba wa kukijenga upya kijiji, pamoja na nyumba ya duara ya ibada yao, pale pale kilipobomolewa.